Mpaka Dome Waanguliwe

"Usimwambie mtu," Kidawa alimwambia Matano, akalipokea furushi la nguo za mumewe bila kulifungua.

Matano alikuwa mvuvi wa Kilwa, mwenzake Mkadam, mume wa Kidawa, chomboni. Alisimama na maji ya magoti kando ya kidimbwi, hajui mikono yake aiweke wapi.

"Shemeji, jambo kama hili halifichiki."

"Mpaka dome waanguliwe tu. Kisha utasema wewe mwenyewe, mbele ya watu."

Akalitundika furushi kwenye mti wa uzio, akaendelea kukokota kanga kuukuu majini kukusanya uduvi. Alidhani angelia, lakini machozi hayakuja.

"Huko Songosongo, mahali penyewe pazuri?" aliuliza.

"Pazuri, shemeji. Kando ya msikiti. Na wenyeji wamempokea kama mtoto wao."

"Alhamdulillahi," alisema Kidawa, akawamwagia uduvi dome wawili waliokuwa wakimtazama kutoka chini.

Kidimbwi kile Mkadam alikijenga kwa mawe ya matumbawe, pwani ya Chole, huku kijiji kizima kikimcheka. Dome, ndugu yake ngisi, huchomwa mkuki akapikwa kwa nazi. Nani kasikia dome wa kufugwa? Mkadam hakujali. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji cha ujamaa akasema atawafuga, kisha akanasa jike na dume kwa mtego wa dema, akawatia humo. Mwenyekiti Hemedi akatoa hukumu yake: wakizaliana, kidimbwi kitakuwa mradi wa kijiji na kitaitwa kwa jina la Mkadam; wakifa, mawe yatabebwa kujengea msingi wa duka la ushirika. Mkadam akaenda dago, kambi ya wavuvi huko Songosongo, na wenzake kutafuta riziki, akamwachia mkewe kazi. Hakumfundisha mtu mwingine, maana hakuna mwingine aliyetaka kufundishwa.

Jike akataga. Mayai yakaning'inia kwenye kamba, meusi kama zambarau. Baada ya kutaga jike akafa, na dume hakukawia kumfuata. Kidawa akawatoa wote wawili, akawafukia mchangani.

"Kitoweo kizima hicho!" alilalamika Biubwa, dada yake Mkadam. "Wifi, una akili kweli?"

Mvua za masika zikaanza. Maji ya mvua yangeyaua mayai, na jua la mchana nalo lingeyachemsha. Kwa hiyo kila maji yakitoka pwani, Kidawa alikuwa pale, akifunika kidimbwi kwa makuti na kuzibua mchanga mlangoni pake. Alikula akikumbuka kula. Alipika chakula cha mtu mmoja, na hicho nacho kilibaki.

Kijijini watu walikuwa wameshamwona akirudi nyumbani na furushi, wakalipatia maana. Mwanamume aliyerudisha nguo kuukuu kashonewa mpya kwingine. Biubwa alishindwa kuvumilia, akamfuata wifi yake hadi pwani.

"Niambie, kaka yangu kaoa huko?"

"Matano atasema."

"Lini?"

"Dome wakianguliwa."

"Tazama ulivyo! Wanja huna, hina huna, hata udi hufukizi tena. Wivu huo, nami sikulaumu. Kama kakuacha, basi na wewe waache dome wake wafe!"

Kidawa alifunga kamba ya makuti. Ilimuuma mumewe kusengenywa na dada yake mwenyewe, lakini maumivu hayo aliyasikia kwa mbali, kama ya mtu mwingine.

Hemedi naye alipita, mwamvuli kwapani.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Umekonda, Bi Kidawa. Kapumzike nyumbani, majirani watakuangalizia."

Kidawa akawakumbuka kuku wa mjane Mwanamkuu. Mwanamkuu alipokuwa ndani akikaa eda, haruhusiwi kutoka, majirani walimwahidi hivyohivyo. Alipotoka nje alikuta manyoya.

"Ahsante, Mwenyekiti. Nitaangalia mwenyewe."

Kisha asubuhi moja mvua ikapumzika, na maji ya kidimbwi yakaanza kuchezacheza. Kidawa aliinua makuti. Vitoto vya dome vilikuwa vikielea kila upande, vidogo kama punje za kunde, na kila kimoja kikijibadilisha rangi. Kimoja kilimwona kikamtemea wino, usiozidi tone. Akatuma watu waitwe.

Walikuja wengi, na wale waliocheka sana ndio waliosogea mbele zaidi. Hemedi alichutama akatazama kwa muda mrefu.

"Mawe hayabebwi," alisema hatimaye. "Hiki ni Kidimbwi cha Mkadam. Nimesema mbele yenu."

Watu wakapiga makofi. Biubwa akacheka huku machozi yakimlengalenga.

"Na mwenyewe yuko kwa mke mdogo, hata hajui!"

Kidawa akamshika mkono, akamwingiza majini, akampa ile kanga kuukuu na kumwonyesha jinsi ya kuikokota taratibu. Biubwa alipata uduvi mara ya kwanza tu.

"Wape uduvi walio hai, waliokufa hawawali. Mvua ikija, makuti. Kuanzia leo kazi ni yako, wifi."

"Yangu? Na wewe unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

Matano alikuwa amesimama nyuma ya watu. Kidawa alipompita alisema polepole, "Sasa waambie, shemeji."

Matano akavua kofia yake.

Kidawa hakungoja kusikia. Alifika nyumbani, akafungua furushi, akalinusa shati, akalikunja tena. Kilio cha Biubwa kilipofika kutoka pwani, alikuwa ameshavaa nyeupe, ameteremsha pazia la chumba, ameketi mkekani kuanza eda.