Moyo wa Upande wa Kulia

Mzee Nestori hakuwa na mke tena, hakuwa na ndugu, hakuwa na mtu wa kukaa naye benchi moja kanisani, wala hakuwa na moyo upande wa kushoto.

Hilo la moyo liligunduliwa na daktari mgeni, mjini Mpanda. Alitafuta mapigo kushoto, akahamia kulia, akacheka.

"Mzee, huu moyo nani kauhamisha?"

"Nimezaliwa nao hivyo hivyo, daktari. Mimi nimeletwa na kikohozi."

Alikuwa akikohoa tangu utotoni. Kijijini kwake Kakese wote waliamini ni kifua kikuu, ingawa kila alipopimwa hakikuonekana. Watu walimsalimia kwa heshima, kwa mbali, wakapita.

Baada ya vipimo vingi, daktari alimchorea seli kwenye karatasi.

"Seli ina nguzo zake kama nyumba, mzee. Zimejengwa kwa protini inayoitwa tubulini. Zinaipa seli umbo, na mizigo ya ndani hupita juu yake kama barabarani. Protini hiyo hiyo hujenga vinyweleo vidogo sana vinavyofagia makohozi kifuani. Vyako vipo, ila havifagii. Na ulipokuwa tumboni, vinyweleo kama hivyo ndivyo vilivyopaswa kuuelekeza moyo kushoto."

"Kumbe sina kifua kikuu."

"Huna. Huu ni ugonjwa wa kurithi. Una mtoto?"

"Ninaye. Mmoja, wa kiume. Yuko Ikola, kule ziwani, anauza dagaa."

Daktari aliinua kalamu. "Basi wewe una bahati kubwa, mzee. Wanaume wengi wenye ugonjwa huu hawapati mtoto."

"Najua," alisema Nestori.

Jioni alimpigia mwanawe Didace simu, akamweleza yote aliyoyakumbuka. Upande wa pili injini ya boti ilikuwa ikinguruma.

"Kwa hiyo ni wa kurithi," Didace alisema.

"Ndivyo alivyosema. Lakini wewe hukohoi, mwanangu."

"Mimi sikohoi. Na watoto nitakaowazaa je? Baba, nimekua nikikisikia hicho kikohozi, nakijua. Nitamwambia Jeannine atafute mchumba mwingine. Na wewe usinisukume tena kuoa. Damu hii ya kikohozi iishie kwangu."

Nestori alitaka kujibu, kikohozi kikamkamata. Kilipomwachia, simu ilikuwa imekatika.

Jumapili, Didace hakupiga simu kama kawaida yake. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akimwita Baba, na wiki ile nzima hakuna aliyemwita hivyo. Nestori alikwenda kufagia kaburi la mkewe, Eufrazia, akakaa pale mpaka kivuli cha msalaba kikahamia upande wa pili. Kama alikuwa akiomba ruhusa, hakuna aliyesikia.

Aliporudi nyumbani aliketi mezani. Akaandika polepole, kwa mwandiko aliojifunza ngumbaru akiwa mtu mzima:

"Mwanangu, muoe Jeannine. Mama yako alipofika kwangu, wewe tayari ulikuwa tumboni mwake. Damu ya kikohozi inaishia kwangu."

Akaifunga bahasha kwa gundi, akaandika juu yake *Didace Nestori, Ikola*, akaenda kumkabidhi kondakta wa basi.