Kibuyu cha Kanga

Alikuwepo Kanga mmoja asiyejua kukataa. Kila asubuhi alisema habari za mtaa ndani ya kibuyu, akakiziba, kikapita mlango kwa mlango ili kila mmoja akifungue na kusikiliza kwa nafasi yake.

Siku moja, kabla hajakiziba, Nguchiro akaja analia.

"Dada Kanga, nasikia umesema nimekula mayai ya Kwale. Nina watoto. Watapita wapi na aibu hiyo?"

Kanga akamwonea huruma, akaifuta habari. Kesho yake Fisi akaomba la kwake lisitajwe, kisha Ngedere, kisha Kwale mwenyewe, aliyeogopa kuitwa mzembe. Mwishowe kibuyu kikawa kinasema jambo moja tu kila siku: mtaa uko salama.

Msimu uliofuata Nguchiro akala mayai yote ya Kanga. Kanga akamtaja kwa jina kibuyuni, sauti ikimkatika, akawasihi majirani wasiache viota bila mlinzi.

Jioni Kwale akakirudisha. Kizibo kilikuwa vilevile Kanga alivyokibana asubuhi.

"Asante kwa habari, dada," Kwale akasema, akageuka kurudi kwenye kiota alichokiacha wazi.