Mkono wa Gauni

Yusta alivaa makusudi gauni aliloshonewa kwa ajili ya harusi ya dada yake, lile lenye mikono ya kubana. Alijua mkono ule haupandi juu ya kiwiko hata uuvute vipi. Mumewe angemwona ametoka kwenda kuchanjwa, na sindano ingempita.

Kwenye ukumbi wa chanjo watu walikaa mbalimbali, barakoa usoni. Ng'ambo ya ukuta seremala alikuwa akipigilia misumari. Tangu maradhi yaingie mjini, hakutengeneza tena vitanda wala makabati, ila majeneza tu.

Muuguzi aliuvuta ule mkono wa gauni mpaka jasho likamtoka. "Mama, haupandi huu. Rudi kesho na nguo iliyolegea."

Ndilo neno alilolifuata. Yusta akashukuru, akainuka, akafika mlangoni. Nyundo ikagonga. Shoga yake Penina naye alisema hivyo hivyo, kwamba angekuja kesho, na juzi wamemzika. Nyundo ikagonga tena.

Akarudi kitini. "Mwanangu, una mkasi?"

Muuguzi akaukata mkono wa gauni begani. Sindano ilipoingia, Yusta alifumba macho akingoja maumivu, lakini alichosikia ni kimya. Nyundo ilikuwa imenyamaza.

Akaambiwa akae kwenye benchi na wenzake, waangaliwe kidogo kabla ya kwenda zao. Akakaa, kile kipande cha gauni kikiwa mapajani. Alipoinua macho, seremala alikuwa amesimama mlangoni, penseli sikioni, akiwatazama mmoja mmoja, kuanzia utosini mpaka miguuni.