Binti Anayetafutwa Hewani

Goti lilipovunjika jukwaani, Kishada, aliyepewa jina hilo kwa wepesi wake wa kucheza, aliacha dansi akawa mtangazaji wa salamu za mchana redioni. Mguu wenyewe haukukunjika tena. Studioni aliunyoosha juu ya kiti cha pili.

Siku hiyo simu ya kwanza ilikuwa ya mama yake. Waliishi pamoja, na asubuhi Kishada alikuwa amemwogesha na kumsuka nywele. Ila mama alikuwa amezidi kusahau.

"Naomba wimbo," mama alisema hewani. "Wa binti yangu, mcheza dansi. Hajarudi nyumbani."

Fundi mitambo aliinua uso.

"Nyumbani uko na nani, mama?" Kishada aliuliza.

"Kuna dada mmoja anachechemea. Ananitunza vizuri, Mungu ambariki. Lakini nikimtaja binti yangu, analia."

Kishada alilikamata goti kwa mikono miwili.

"Mama, ni mimi. Kishada wako."

Mama alicheka kwa upole. "Wewe ni wa redio, mwanangu. Wangu anacheza."

Fundi mitambo akanyoosha mkono aikate simu. Kishada akamzuia, akaisogelea maikrofoni.

"Basi tutamtangaza, mama. Alivaa nini alipoondoka?"