Hamsini na Sita

Lilikuwa daftari la ishirini na tatu, na kosa lilikuwa lilelile. Kalamu yangu nyekundu nusura itoboe karatasi.

"Hawa watoto wataniua!" nilifoka. "Nimeimba muhula mzima: magari yakigongana yakanasana, usipige hesabu kwa nishati. Nishati nyingine imeliwa na mabati yaliyojikunja. Tumia momenta, uzito mara mwendo. Hiyo haipotei!"

Mdogo wangu, upande wa pili wa meza ya walimu, hakuwa na habari na fizikia yangu. Alikuwa akisubiri barua yangu ya kupeleka polisi, yenye hesabu ya mwendo aliokuwa akienda. Jana aligonga gari lililoegeshwa, la aina moja na lake. Yote mawili yalinasana, yakaburuzika mita tisa. Mwenye gari alikuwa ndani. Mpaka sasa hajazinduka.

"Dada, si jibu umeshapata? Kilomita hamsini na sita kwa saa, na kibao cha barabarani kinaruhusu sitini. Weka sahihi niende."

Nikaivuta barua. Macho yakaangukia mstari wa pili wa hesabu niliyoifanya asubuhi, mbiombio, yeye akinililia begani: nishati ya kabla ni sawa na nishati ya baada.

Kosa lilelile la madaftari. Nikapiga upya pembeni, kwa kalamu ileile nyekundu. Magari mawili ya uzito mmoja. Kwa mburuziko wa mita tisa, mwendo ni arobaini baada ya kunasana. Kwa hiyo kabla, themanini.

"Ulikuwa ukienda ngapi?"

Aliitazama kalamu, hakunitazama mimi.

"Dada," alisema polepole, "kwani ile hesabu ya asubuhi ina ubaya gani?"