Waya wa Nne

"Kaka, jenereta ya kilowati kumi. Kutoka itakapokaa hadi kwenye soketi yake ukutani ni mita thelathini na mbili. Nifunge waya gani?"

Duka zima la vifaa vya umeme likageuka kusikiliza. Aliyeuliza ni Kipimo, fundi aliyehamia mtaani mwaka jana. Aliyeulizwa ni Fyuzi, fundi wa mtaa huohuo kwa miaka ishirini. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, na mwenyeji akaanza kuugua.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wivu, na Fyuzi wala hakujidanganya. Ulimpanda hadi kooni kila Kipimo alipopita na futi yake kiunoni, mtu asiyekata hata waya wa kengele kabla ya kupima. Wateja walimsifu. Juzi hata mke wa Fyuzi alimsifu, tena mezani: "Yule akisema kesho, ni kesho kweli." Fyuzi alisukuma sahani pembeni akaenda kulala.

Jibu alilijua. Kwa mzigo ule na umbali ule, ni waya wa milimita kumi. Wa milimita nne ungepata moto, ganda likaanza kuyeyuka, na kufikia jioni mtaa mzima ungejua ni fundi gani aliyeufunga.

"Wa nne unatosha," alisema.

Muuza duka alimtupia jicho, kisha akajitia kuhesabu balbu. Kipimo alikuna kichwa.

"Wa nne? Nyumba yenyewe ina watoto, kaka."

"Nyumba gani haina watoto? Umeniuliza, nimekujibu."

Kipimo alimtazama kwa muda, kama mtu anayesubiri mwenzake aseme alikuwa anatania. Kipimo akamnong'oneza muuza duka, akafungiwa mzigo wake kwenye gazeti, akaondoka.

Siku hiyo Fyuzi hakutoka kwenye benchi la duka, hata kwa chakula cha mchana. Alitaka habari imkute palepale. Maneno ya kusema alikwishayapanga: "Masikini, mimi nilidhani anajua." Aliyarudia kimoyomoyo mpaka yakakaa sawa.

Saa tisa umeme ukakatika. Feni ya duka ikajizungusha kidogo, ikachoka. Hazikupita dakika tano, jenereta ikanguruma mahali fulani nyuma ya maduka.

Fyuzi aliinuka haraka kuliko umri wake. Alifuata mlio huku akinusa hewa, akitafuta harufu ya plastiki. Alipita kwa kinyozi, akapita kwa fundi viatu. Harufu hakuipata, ila mlio ulizidi kukua, na kila alipokata kona ulimwita njia anayoijua. Tabasamu likaanza kumwisha. Jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma ya nyumba yake mwenyewe.

Mkewe alikuwa uani, kitambaa mkononi, akipangusa friza lake la samaki kama bibi harusi anayepangusa kabati jipya.

"Usinune, baba watoto. Nimekusubiri miezi minane uniwekee jenereta, samaki wameniozea mara ngapi? Mganga hajigangi, nikaona nimtafute mwingine. Njoo ushike huu waya, wala haupati joto."

Fyuzi aliushika. Ulikuwa mnene, umejaa kiganjani, baridi.

"Wa kumi," alisema.

"Wa kumi, ndiyo. Tena kasema kuna mtu dukani alimshauri afunge wa nne. Mimi mwili ukanisisimka. Nikamwambia nitajie huyo mtu, anataka watoto wangu waungue? Akakataa katakata kumtaja."

Mkewe akaacha kupangusa, akamgeukia.

"Kaniambia nikuulize wewe. Eti wewe ndiye unayemfahamu vizuri."