Kiti cha Mchongaji

Mkaguzi wa michoro aliinamia karatasi ya mwisho, lenzi ikiwa jichoni.

Katika karne ya kumi na nane, mchongaji alichonga kwenye bamba la shaba familia yake ikiwa mezani, akapiga chapa. Kila alipofiwa alimfuta marehemu kwenye bamba, akachonga kiti kitupu mahali pake, akapiga chapa nyingine. Alianza mkewe, wakafuata mabinti wawili. Katika chapa ya nne alibaki peke yake.

Hii ilikuwa ya tano. Viti vyote vilikuwa vitupu.

"Andika bandia, dada, twende zetu," mkuu wa makumbusho alisema kutoka ng'ambo ya meza. "Ukiandika halisi, umesema maiti alishika kichongeo. Watatucheka, na kazi yako ndiyo hiyo inakwenda."

"Ufa wa bamba ni uleule, bosi. Karatasi ni ileile."

"Basi ni mwanafunzi wake."

Mkaguzi akasogeza lenzi kwenye kiti cha mchongaji mwenyewe. Kila mstari uliishia kwa kikulabu chembamba, kama ukucha wa paka. Mkono huo aliujua kwa miaka mingi. Hakuna mwigaji aliyewahi kuuweza. Ila hapa mistari ilitetemeka, kama ya mtu aliyechonga baridi ikiwa imemwingia mifupani.

Akashika kalamu, akaandika: halisi.

"Umerogwa wewe?" Mkuu akamnyang'anya lenzi, akainama.

Alipoinuka alikisukuma kiti chake kitupu mbali na meza, akabaki amesimama.